Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: nyonga ya mwanangu haikutoka usiku mmoja

Kwa: Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wetu.

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa, Afisa Ustawi wa Jamii wa Mkoa, wazazi wenzangu wa benchi la kliniki ya Alhamisi.

YAH: MAZOEZI NA MATUNZO YA MWILI KWA WATOTO WENYE MTINDIO WA UBONGO

Mheshimiwa Daktari,

Salaam, na pole na kazi. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Hii ni barua yangu ya nne kwako. Tatu za mwanzo nilizileta mwenyewe masjala, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo kwenye bahasha ya kaki pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nilijibiwa kwa mdomo na karani, amesimama mlangoni na kikombe cha chai, kwamba suala langu "linafanyiwa kazi". Ya tatu niliambiwa faili halionekani. Katikati ya hizo nilitumbukiza karatasi mbili kwenye sanduku la maoni pale mapokezi, hadi siku nilipoliangalia vizuri kufuli lake nikaona limeota kutu la siku nyingi. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu. Jina lako silitaji, wala la hospitali. Wewe utajijua, na wazazi wenzangu wataitambua barua hii hata bila anwani.

Mimi ni seremala. Nina mtoto wa kiume wa miaka 6, amebeba jina la marehemu baba yangu, hivyo nyumbani kila mtu humwita Babu. Mama yake alikaa na uchungu usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Babu alipotoka hakulia. Walimpulizia hewa, akawekwa kwenye oksijeni, na siku ya pili akaanza degedege. Tuliporuhusiwa iliandikwa kwamba alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Neno mtindio wa ubongo tulikuja kulisikia alipofika miezi 9 na shingo bado haijakaza. Leo haongei, hakai mwenyewe, hawezi kujigeuza kitandani. Wataalamu wana madaraja 5 ya kupima jinsi watoto hawa wanavyojimudu kujongea, na Babu yuko la 5, ndilo la mwisho. Anapenda sauti ya randa. Nikianza kuranda ubao anacheka hadi anapaliwa, inabidi nisimame kwanza.

Siku aliyozaliwa siilalamikii humu. Hiyo tulishaililia, mimi na mama yake, tukanyamaza.

Nilichokuja nacho ni kingine. Ubongo wa mtoto huyu uliumia mara moja, na wataalamu wenu wenyewe walitueleza kwamba jeraha la namna hiyo haliongezeki, likishatokea limetokea. Mwili wake, hata hivyo, umeendelea kuharibika kwa miaka 6. Nyonga ya kushoto imetoka. Goti la kulia halinyooki. Mgongo umeanza kwenda upande. Amelazwa kwa nimonia mara 3. Haya hakuzaliwa nayo, Daktari. Yalikuja moja moja, polepole, sisi tukihudhuria kliniki yako kila tarehe tuliyoandikiwa, na kadi inaonyesha. Malalamiko yangu yote yanatoka hapo.

1. Chumba cha watoto kimekuwa stoo.

Mwisho wa korido ya wagonjwa wa nje kulikuwa na chumba cha mazoezi ya watoto. Kilikuwa na magodoro membamba sakafuni, kioo kirefu, mpira mkubwa wa bluu na kiti kimoja cha kona. Havikuwa vingi, ila vilitosha kufanyia kazi. Ilipoletwa shehena ya vifaa vya mradi fulani, chumba kikachukuliwa "kwa muda". Muda huo sasa ni mwaka na nusu. Tunahudumiwa nyuma ya pazia katika chumba cha watu wazima, juu ya kitanda kirefu, mzee aliyepata kiharusi akisubiri upande huu na kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu upande ule. Nao wana haki yao, sina ugomvi nao. Lakini mtoto asiyeweza kukaa hufundishiwa sakafuni, na sakafu yake imelaliwa na maboksi. Niliyaona siku mlango uliposahauliwa wazi. Mpira wa bluu bado upo, umeishiwa upepo.

2. Robo saa kwa mwezi, na hakuna tunachofundishwa.

Tarehe tunayopewa ni moja kwa mwezi. Ukitoa muda wa kusubiri, Babu anapata dakika 15. Nimepiga hesabu ya kifundi: mwezi wa siku 30 una saa 720, kwa hiyo robo saa yenu inaingia humo mara 2,880. Vipande vingine vyote, 2,879, mtoto yuko mikononi mwetu. Mwili wake unatengenezwa au unaharibiwa humo: anavyolala, anavyokalishwa, anavyobebwa, anavyolishwa. Na hayo ndiyo hatufundishwi.

Ndani ya robo saa yenyewe huwa hivi. Anawekwa chali kitandani. Miguu inavutwa. Anaogopa, analia, na akilia misuli hukaza zaidi, kwa hiyo anavutwa zaidi. Kisha kwenye kadi inaandikwa "aendelee na mazoezi nyumbani". Mazoezi gani? Kwa miaka 6 hakuna aliyesema, haya baba, mshike wewe, mimi nikuangalie.

Nakosea, yupo mmoja. Alikuwa mama mtu mzima, fiziotherapia (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa zamani, ambaye sasa amestaafu. Alikaa chini mkekani na mke wangu mara 4 tu, na karibu kila tunachokijua tulikipata kwake. Alituonyesha kumlaza Babu ubavu, kanga iliyoviringishwa ikiwa katikati ya magoti, kwa kuwa akilala chali kutwa kichwa kinasukuma nyuma na miguu inapishana kama mkasi. Alituonyesha kumkunja kwanza nyonga na magoti ndipo tumnyanyue, asijikaze kama ubao. Na alimwambia mke wangu asiache kumbeba mgongoni. Alisema mama zetu walilijua hili bila kusomea: mtoto akibebwa kwa kanga, mapaja yamepanuka kiunoni mwa mama, kichwa cha mfupa wa paja kinaelekea ndani ya kikombe chake. Tukambeba. Alipovuka kilo 14 mgongo wa mama yake ukaanza kuuma, tukarudi kliniki kuuliza tufanye nini sasa. Yule mama alikuwa ameshaagwa kwa soda na keki, na nafasi yake haikujazwa.

Nikueleze ninavyolielewa mimi. Ubao mbichi ukiuegemeza ukutani na kuuacha wiki mbili, utaukuta umepinda, na hakuna mtu aliyeupinda. Uzito wake wenyewe na jinsi ulivyowekwa ndivyo vilivyoupinda. Fundi anayejali mbao zake huzilaza, akaziwekea vipande katikati na kuzigeuza. Ndiyo kazi tuliyokuwa tunaiomba: tuonyesheni tumweke vipi. Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi. Wangu alikunjwa na kitanda.

3. Picha ya nyonga.

Hapa ndipo panaponiuma, naomba univumilie.

Babu alipokuwa na miaka 4, mke wangu aligundua kwamba akimbadilisha nepi paja la kushoto halifunguki kama la kulia. Alisema kliniki, akaambiwa ni kukaza kwa kawaida kwa watoto hawa. Akasema tena, mara ya pili, mara ya tatu. Kwenye kadi limeandikwa mara moja tu, kwa neno moja: "spasti", yaani misuli iliyokaza. Mtoto akaanza kuamka usiku akilia. Tulidhani ni tumbo, tukampa dawa ya minyoo. Mwishowe mimi mwenyewe nilichukua bajaji, nikampeleka kituo binafsi, nikalipa shilingi 15,000 akapigwa picha ya eksirei. Kulikuwa na daktari wa mifupa aliyekuja mkoani kwa siku chache. Aliiinua ile picha dirishani akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hii ni ya ngapi?"

Nikamwambia ya kwanza.

Hakusema kitu. Aliishusha akaanza kuandika rufaa ya Dar es Salaam.

Alichonieleza baadaye nimekisoma sana tangu siku ile, na nakiandika hapa ili wazazi wa watoto wadogo wasome pia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huzaliwa na nyonga nzuri kama za wengine. Zinahama baadaye, kwa sababu misuli ya ndani ya mapaja inavuta kwa nguvu kuliko ya nje, na kwa sababu kikombe cha nyonga hupata umbo lake mtoto anaposimama na kuweka uzito, naye hasimami. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba kwa watoto wa daraja la 1 nyonga hazikuhama, ila kwa wa daraja la 5 zilihama kwa watoto 9 katika kila 10. Tisa, Daktari! Hii maana yake nyonga ya Babu haikuwa ajali. Ilikuwa inatazamiwa tangu siku mlipoandika namba 5 kwenye kadi yake.

Kuzifuatilia nyonga hizi si kugumu. Ni picha moja ya nyonga, mtoto amelazwa chali miguu imenyooshwa sawasawa, kuanzia umri wa mwaka 1 au 2, na kwa watoto wa daraja lake kila baada ya miezi 6 hadi 12. Mtaalamu anapima ni sehemu kubwa kiasi gani ya kichwa cha mfupa iko nje ya kikombe. Ikivuka asilimia 30 mtoto anaangaliwa kwa karibu, na ikiendelea anapelekwa kwa daktari wa mifupa mapema, wakati kazi bado ni ya kulegeza misuli ya mapaja. Ukichelewa, kazi inakuwa ya kukata mfupa. Kusini mwa Sweden walianza utaratibu wa kuwafuatilia watoto wao wote namna hii mwaka 1994, kwa picha, mazoezi na upasuaji wa mapema pale unapohitajika. Nyonga zilizotoka kabisa zilishuka kutoka karibu mtoto 1 kati ya 10 hadi chini ya 1 kati ya 100. Najua sisi si Sweden. Lakini mashine ya eksirei ipo hapo kwako, hatua 40 kutoka kwenye pazia letu. Nimezihesabu nikiwa na mtoto begani.

4. Kulishwa.

Nimonia 3 ndani ya miaka 2. Kila mara alipewa sindano za antibayotiki na oksijeni, akapona, tukaruhusiwa. Nawashukuru wauguzi wa wodi ya watoto kwa hilo, hasa wa zamu ya usiku. Lakini hakuna aliyetuuliza mtoto huyu anakulaje. Alikuwa analishwa na bibi yake, amelazwa mapajani, uso juu, uji mwepesi ukimiminwa na kijiko ili amalize haraka. Bibi alifanya kwa mapenzi, ndivyo alivyolea watoto 7. Sehemu ya ule uji ilikuwa inaingia kwenye mapafu. Mtoto akikohoa kila anapokula, hiyo ni dalili, na wengine uji unaingia bila hata kukohoa. Tulikuja kuelezwa na mzazi mwenzetu wa benchi, aliyefundishwa mkoa mwingine: akalishwe wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, uji uwe mzito, kijiko kidogo, usubiri ameze ndipo ulete kingine. Chakula kinachukua saa nzima. Tangu tuanze hivyo hajalazwa tena. Maelezo haya yanachukua dakika 10, na mlikuwa na siku 23 za kutupa tukiwa wodini kwako.

5. Viti mwendo vya watu wazima.

Mwaka jana vililetwa viti mwendo vya msaada, picha zikapigwa, Babu akapata kimoja. Upana wa kukalia ni sentimita 45. Upana wa nyonga za Babu ni 21. Kina chake kinamfika hadi katikati ya shavu la mguu, kwa hiyo anateleza, anakalia mgongo, anaangukia upande. Kwa mtoto ambaye uti wa mgongo umeanza kupinda, kiti cha namna hiyo ni afadhali kisiwepo. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2008 kwamba kiti mwendo hakigawiwi kama sare: mhusika anapimwa, kiti kinarekebishwa kumfaa, anafundishwa kukitumia, na baadaye anafuatiliwa. Sisi tulipewa fomu ya kusaini.

Basi niliingia kazini mwenyewe. Nilitengeneza kiti kwa vipande vya mkongo vilivyobaki kwenye kabati la mteja, plaiwudi ya milimita 12, sponji na ngozi ya bandia. Nyonga digrii 90, magoti 90, nyayo zimekanyaga ubao. Katikati ya magoti kuna kigingi kilichofungwa sponji ili miguu isipishane, na mbele kuna meza ndogo. Gharama haikufika shilingi 70,000 ukiacha jasho langu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuegemeza mgongo nyuma mno, akawa anatazama dari. La pili, kigingi nilikiweka karibu mno na kinena, kikamchubua. Mtu anayejua angenionya mapema. Nilimwomba mtaalamu wenu aje aangalie, au mimi nilete kiti, akaniambia hospitali hairuhusu vifaa visivyo rasmi. Hivi kile cha sentimita 45 ndicho rasmi?

Na si lazima mbao. Zimbabwe walianzisha ufundi wa kutengeneza viti vya watoto hawa kwa maboksi ya kawaida yaliyogandishwa kwa karatasi na gundi ya unga, ukafika hadi Kenya. Maboksi mnayo, yamejaa chumba chetu.

6. Dawa na msamaha.

Hapa sitakaa sana. Fenobabito ya degedege inakosekana dirishani, tunaambiwa tukanunue nje au turudi wiki ijayo. Dawa hii haikatishwi ghafla. Ikikatika, degedege hurudi kwa fujo, na wafamasia wako wanalijua hilo kuliko mimi. Pili, Babu alipotimiza miaka 5 huduma ya bure ya watoto wadogo ilikoma. Anabebwa na kuvalishwa nepi kama mtoto wa miezi 6, ila dirishani ni mtu mzima. Kupata msamaha inabidi barua ya serikali ya mtaa, kisha ustawi wa jamii, kisha sahihi yako, na kila hatua ni siku ya kazi iliyopotea pamoja na bajaji ya kwenda na kurudi, kwa kuwa makondakta wa daladala wakimwona mtoto aliyekakamaa wanasema gari limejaa.

7. Maneno.

"Huyu ndivyo alivyo." "Hawa huwa hawafiki mbali." "Mzae mwingine." Yote matatu yamesemwa ndani ya pazia lile, mbele ya mtoto. Mke wangu aliulizwa alikula nini akiwa mjamzito. Mimi kila nikimleta huulizwa, "Mama yake yuko wapi?" kana kwamba nimemwiba njiani.

Daktari, majibu nitakayopewa nayajua, maana nimeshayasikia.

La kwanza ni kwamba watumishi hawatoshi. Ni kweli, na nakubali kwamba ajira hazitoki mfukoni mwako. Lakini wataalamu hawa wanafundishwa hapa hapa nchini. Hospitali ya KCMC Moshi wanafundisha fiziotherapia na tiba kazi, na pale pale Moshi, chuo cha TATCOT wanafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Je, umewahi kuiandikia wizara kuomba hata mmoja kwa ajili ya watoto? Kama umeomba, tuonyeshe barua, tutakusindikiza hadi ofisi ya mkuu wa mkoa, benchi zima. Tena mengi niliyoandika hapo juu hayahitaji mtumishi mpya. Kuhamisha maboksi kunahitaji vibarua wawili na mkokoteni.

La pili, bajeti. Pima picha moja kila miezi 6 na upasuaji wa kukata mfupa Dar es Salaam. Pima dakika 10 za kufundisha kulisha na siku 23 za oksijeni. Sijasoma uhasibu, lakini duka la mbao limenifundisha kidogo.

La tatu huwa linasemwa kwa sauti ya chini: wazazi wenyewe hawafuati mazoezi. Wengine kweli hawafuati. Mama aliyeachwa na mume kwa sababu ya mtoto huyo huyo, anayeuza maandazi alfajiri na kufua nguo za watu mchana, ukimwandikia "aendelee na mazoezi" hataendelea, kwa sababu hajui ni nini na hana saa ya ziada. Mwonyeshe namna ya kumweka mtoto ubavu wakati anakanda unga. Hilo atalifanya, kwa kuwa linaingia ndani ya siku yake.

La nne ni kwamba watoto hawa hawaponi. Hakuna aliyeomba apone. Naomba asiumwe nyonga usiku. Naomba ninyooshe mguu wake nimvalishe suruali bila yeye kupiga kelele. Naomba akae wima aione randa, asiisikie tu.

Na kama kuna anayeona tunaomba hisani, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao Ibara yake ya 26 inataka utengamao, yaani huduma za kumsaidia mtu mwenye ulemavu ajimudu, uanze mapema iwezekanavyo na upatikane karibu na watu wanakoishi, hata vijijini. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Babu alizaliwa vyote hivyo vipo.

Ninayoyaomba, kwa niaba yangu na ya wazazi wa watoto 14 tuliohesabiana Alhamisi iliyopita:

Chumba kirudishwe ndani ya siku 30. Kama stoo haina pa kwenda, mimi na mafundi wenzangu watatu tutajenga rafu kwenye stoo kuu bila malipo. Mbao mtoe ninyi.

Kila mtoto aliye daraja la 3 hadi la 5 apigwe picha ya nyonga sasa, hata wale ambao hawajalalamika, na tarehe ya picha inayofuata iandikwe kwenye kadi kama zinavyoandikwa chanjo. Katika wale 14, mdogo kuliko wote ana mwaka 1 na miezi 8. Jina la mama yake nitakuletea mwenyewe kwa siri. Kwake hamjachelewa, na kwa kweli ndiye aliyenifanya niandike barua hii, maana kwa Babu sehemu kubwa imeshapita.

Alhamisi iwe ya watoto hawa kikamilifu: fizio, daktari na dirisha la dawa siku moja, sahihi ya msamaha ikiwemo. Nusu ya muda itumike kuwafundisha wazazi, sisi tukiwa tumeshika watoto wetu. Yule mama mstaafu anaishi mtaa wa tatu kutoka hospitali. Nilimuuliza kama angekuja mara moja kwa wiki akiombwa rasmi. Aliniambia, "Waniandikie barua, nije kesho."

Kuhusu viti, mtoe mtu wa kupima. Mtu mmoja anayejua wapi kigingi kikae na mgongo uegemee kiasi gani. Kutengeneza niachieni.

Na mwisho, jibu la maandishi. Likija zuri nitalibandika hapo hapo nilipobandika hii. Likija baya vilevile. Lisipokuja, sisi tutakuwepo Alhamisi saa 2 asubuhi kwenye benchi letu kama kawaida, na safari hii tutaomba kuonana na wewe.

Natanguliza shukrani, na naomba radhi kwa neno lolote lililovuka heshima.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Baba Babu, seremala.

NB: Kiti cha mfano nimekiacha kwa mlinzi wa getini, amekifunika kwa turubai. Upana wa kukalia ni sentimita 24, na kigingi kinachomoka, unavuta juu. Tafadhali kisiingizwe stoo.